Mistari Miwili

Karanga ni zilezile za Mlali,
ndogo, nyekundu, zimefungwa katika kipande cha kanga
kwa fundo nililolifungua kwa meno.
Bibi Masinjisa alizituma mwenyewe.
"Zipimeni," alisema, "kisha mnipime na mimi."

Mjukuu wake alikula mlenda kwake, Jumapili.
Midomo ikavimba, macho yakafumba,
pumzi ikawa filimbi.
Nyemo alipona. Sindano ya Kongwa ilimuwahi,
lakini maneno hayana sindano.
Tangu siku ile mkwewe hapokei maji mkononi mwake,
na kuku wake akitaga kwa jirani
yai linatupwa.

Mimi sijui mambo ya mkono wa mtu.
Najua kinu.
Nilizitwanga, nikaziosha mafuta kwa asetoni mara tatu
hadi ukabaki unga mkavu kama vumbi la Septemba,
nikauloweka katika maji ya chumvi usiku kucha.
Asubuhi mashine ikazungusha, makapi yakalala chini,
na juu yakabaki maji yaliyobeba siri zote za mbegu:
protini chungu nzima, zimekunjamana
kama mitumba ya mnada wa Msalato.

Nikazichemsha kwa sabuni zikunjuke,
nikazimimina katika vishimo vya jeli,
nikawasha umeme.
Kubwa hukwama karibu na mlango.
Ndogo hupenya, hufika mbali.
Hivyo ndivyo zinavyochambuliwa, kwa mwendo tu,
bila kuulizwa ukoo.

Saa nane umeme ulikatika.
Makao makuu ya nchi, na umeme ulikatika.
Nilikaa dirishani nikiutazama Mlimwa unavyofifia,
na nyuma yangu, ndani ya jeli,
kila kilichoanza kujipanga kikitawanyika.
Bahati damu ya mtoto nilikuwa bado sijaigusa.
Ilibaki seramu ya jaribio moja,
isiyojaza hata kisoda.

Kesho yake nikaanza upya, na jenereta ya kuazima.

Safari hii zilifika.
Nikaubandika utando juu ya jeli
ukazinyonya, kila moja na mahali pake.
Nikaunywesha maziwa ya unga
pasibaki pa kushika ila pa kweli.
Kipande kimoja nikakimwagia seramu ya Nyemo.
Kingine, seramu ya Chidawali, mfagiaji wetu,
ambaye hutafuna karanga tangu saa nne hadi jioni
na hajawahi hata kupiga chafya.

Kingamwili za yule mtoto ni mbwa wa boma.
Wakimshuku mpita njia mmoja
huamsha kijiji kizima, huvunja hadi uzio wao wenyewe.
Kazi yangu ni kuwafungulia,
nione wameng'ang'ania mguu wa nani.

Cha Chidawali kilibaki cheupe.
Cha Nyemo, chini kabisa,
kati ya alama ya kumi na tano na ya ishirini,
mistari miwili pacha, myeusi,
kama kope za mtu aliyefumba macho.

Nilimpigia kwa simu ya muuza duka.
"Mbukwenyi, Bibi. Imo ndani ya mbegu.
Imo katika kila karanga, ya kwako na ya mwingine."
Akanyamaza. Nilisikia mbuzi, na mtu akidai chenji.
"Nikizichemsha sana?"
"Haitoki."
"Nikizikaanga?"
"Ndiyo kwanza inakuwa kali."
"Miaka hamsini nalima kitu nisichokijua," akasema.
Kisha: "Kina jina?"
Nikamtajia. Herufi na tarakimu, kama namba ya pikipiki.
Akalirudia, akakosea, akalirudia.
"Basi liandike. Kwa wino, na mhuri.
Neno la simu hawatalisikiliza."

Niliandika. Penye *chanzo* nikaweka: mbegu.
Fomu yetu haina pa kuandika
nani si chanzo,
nikaandika pembeni, kwa mkono, nje ya mstari.

Kipande chake cha kanga nilikifua kwa maji ya moto
mara tatu, kwa ajili ya Nyemo.
Nikakianika, nikakinusa.
Bado kilinukia karanga.